Kabla Festo Hajagusa Ukuta

Mvua zilipoanza na kipindupindu kikatajwa, shule ninayofundisha huku Ipogolo iliweka ndoo ya maji ya dawa kwenye mlango wa kila darasa. Watoto hawaipendi ile harufu. Wananawa harakaharaka, wanakunja pua, wanapangusa mikono kwenye sketi na kaptura. Mimi nanawa wa mwisho, na nikishanawa naingia ofisini, narudishia mlango, naweka viganja usoni. Mwalimu mwenzangu alinikuta hivyo siku moja akadhani naumwa kichwa. Nikamwambia ndiyo, kichwa. Ningeanzia wapi kumweleza kwamba mikono ya baba yangu ilinuka hivyo siku zote, na kwamba mpaka nilipoanza darasa la kwanza nilidhani baba wote duniani wananuka hivyo?

Baba alikuwa mtunza bwawa la kuogelea. Ukimwambia mtu kwamba kule Mufindi, katikati ya mashamba ya chai, kulikuwa na bwawa la kuogelea, atakuuliza ni nani huyo aliyekuwa anaogelea kwenye baridi ile. Lilikuwa la klabu ya kampuni ya chai. Mameneja wa zamani walilichimba, waliokuja baada yao hawakuona sababu ya kulifukia. Wageni waliingia mara chache, Desemba na Januari, jua likiwaka kweli. Miezi mingine ukungu ulikaa juu ya maji mpaka saa nne asubuhi, na baba alikuwepo humo ndani ya ukungu na koti lake la mvua, akivuta wavu wenye mpini mrefu, akitoa majani ya mikaratusi, wadudu, na vyura walioingia wakashindwa kupanda ukuta.

Yeye mwenyewe hakujua kuogelea. Miaka yote ile hakuwahi kuingia maji yanayopita magoti. Alijua dawa na alijua pampu. Alijua kuchota maji kwenye kichupa, kudondoshea matone na kusoma rangi. Kuogelea alikujua kwa macho tu. Alikuwa ametazama watu wa kila aina wakipita mle majini, anayeogelea vizuri na anayejipiga maji usoni, na kila alichokiona alikiweka. Akaja kumpa kaka yangu, Festo.

Festo alinizidi miaka kumi. Katikati yetu mama alizaa watoto wawili ambao hawakukaa, kwa hiyo mimi nilimkuta Festo tayari mkubwa, na sauti nzito, na mabega yasiyoenea kwenye mashati ya baba. Meneja mmoja alikuwa amemruhusu kuogelea, ila awe ametoka kabla wageni hawajaamka, na pasiwe na kelele. Basi kila kitu pale kilifanyika kimyakimya. Baba alitembea kando ya bwawa huku Festo akienda majini, akamwonyesha kwa mpini wa wavu wapi mkono umelegea, wapi kichwa kimeinuka mno. Mtindo wa chura alimfundisha kwa vyura wenyewe. Alimtoa mmoja kwenye wavu, akamrudisha taratibu kwenye maji, akamwambia Festo aangalie miguu.

"Unaona akishasukuma anatulia," alisema. "Hana haraka. Anaacha maji yambebe kwanza."

Mimi, tangu nilipoweza kutembea bila kuanguka, nilikuwa mtu wa taulo na wa kutumwa. Kwa kuwa baba haruhusiwi kupaza sauti, akiona midomo ya Festo imeanza kuwa ya kijivu alinigeukia na kusema, "Mwambie aje." Nilikimbia mpaka upande wa pili, nikachuchumaa pale Festo anapokuja kugeuza, nikamwambia, "Baba anasema uje." Hakubisha hata mara moja. Alitoka hapohapo, akitetemeka, nikampa taulo, na wote watatu tukarudi nyumbani kunywa chai.

Festo alipokwenda kusoma sekondari Iringa mjini, na baadaye Dar es Salaam, nilidhani habari za maji zimekwisha. Kumbe huko ndiko zilikoanza. Alipata mwalimu, akapata wenzake, na mwaka ule ambao mimi natimiza miaka minane alikuja nyumbani kuaga, maana alikuwa amechaguliwa kwenda nje kwenye mashindano makubwa ya kimataifa, yale yenye michezo mingi kwa pamoja. Alichaguliwa kwa ajili ya mbio moja tu, ya wanaume wanne wanaopokezana majini, kila mmoja na mtindo wake. Wa kwanza anakwenda chali, wa pili chura, wa tatu kipepeo, na wa nne anaogelea mtindo huru. Festo alikuwa wa pili.

Shuleni nilikuwa nimekimbia mbio za kupokezana vijiti, kwa hiyo niliuliza kijiti wanakishika wapi wakati mikono yote inaogelea. Walicheka sana, hata mama. Kisha baba akaacha kucheka, akanieleza vizuri kama alivyozoea kueleza mambo, akitumia vidole vyake na ukingo wa meza.

"Hakuna kijiti. Kuna ukuta. Huyu akigusa ukuta, mwenzake aliye juu ndiyo anaruhusiwa kuondoka. Akiondoka kabla mwenzake hajagusa, wanafutwa wote wanne."

Nikauliza, hata wale watatu ambao hawakukosea? Akasema hata wao. Festo akaongeza kwamba wao hawana mtu wa akiba, wako wanne kamili, kwa hiyo hata mmoja akiumwa tumbo siku hiyo, wenzake watatu wamesafiri bure. Maneno hayo niliyashika kama nilivyoshika sala ya kulala. Wiki ile nzima nilicheza mchezo huo na mtoto wa jirani, tukigusa ukuta wa jiko, na kila nilipomwona ameondoka kabla sijagusa nilimwambia tumefutwa.

Wakati huo baba alikuwa tayari anaumwa, ila mimi nilijua tu kwamba viatu vyake havimwingii. Miguu ilikuwa imevimba. Festo aliambiwa ni miguu, na baba mwenyewe ndiye aliyesema iwe hivyo. Festo alipoondoka haikupita muda mrefu, baba akapelekwa hospitali Mafinga, na Mafinga wakasema apelekwe Mbeya, ni figo. Shule zilikuwa zimefungwa, nikaenda na mama. Tulifikia Mwanjelwa kwa shangazi Vumilia, dada yake baba, aliyekuwa akiuza mchele pale sokoni. Kila asubuhi mimi na mama tulikwenda hospitali na chupa ya uji, na jioni tukarudi na chupa hiyohiyo, mara nyingi bado nzito.

Siku moja mama alishuka kuulizia dawa, nikabaki peke yangu na baba. Alikuwa amefumba macho. Nilikuwa nahesabu vigae vya sakafuni aliposema, bila kufumbua, "Festo yuko wapi?"

Nikamwambia yuko kwenye maji. Ndivyo nilivyokuwa nimesikia, kwamba kila siku anafanya mazoezi. Baba akasema, "Mwambie aje."

Nilisimama mara moja, kwa mazoea. Nilitazama mlango wa wodi, nikatazama vitanda vilivyopangwa, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba hakuna bwawa la kukimbilia. Nilidhani baba yuko kwenye ndoto, anaona ukungu na Festo anazidi kwenda na kurudi, na midomo imeshakuwa ya kijivu. Sikuona kwamba anaweza kuwa na maana nyingine. Mama aliporudi nilimwambia, kama kitu kidogo cha kuchekesha, kwamba baba amesema nimwambie Festo aje. Mama alikoroga uji muda mrefu kuliko uji unavyohitaji.

"Kuna mwingine amesikia?"

"Mimi tu."

"Basi yaishie hapa, Upendo."

Siku mbili baadaye, asubuhi na mapema, shangazi aliniamsha, akanikalisha kitandani na kunifunga khanga begani kama mtu mzima. Akaniambia, "Upe mwanangu, baba ameondoka."

Nilimuuliza kama Festo ameshagusa.

Hakunielewa. Alinivuta kifuani akaanza kulia, na mimi nikiwa nimebanwa kwenye khanga yake nilikuwa na hofu ambayo sikuweza kumwambia mtu. Baba ndiye aliyenifundisha sheria ile, na sasa ameivunja yeye. Ameondoka na Festo bado yuko majini. Watafutwa wote.

Mchana baba mkubwa, kaka yake baba, alifika na basi kutoka Igowole. Walikaa chumba cha nyuma, yeye, mama na shangazi, na mimi nikiwa ubavuni kwa mama kwa sababu hakuna aliyenitoa. Baba mkubwa alisema kijana apigiwe simu, arudi, azike. Mtoto wa kwanza ndiye wa kutangulia kutupia udongo, na pale nyumbani hakuna aliyewahi kuzikwa mtoto wake wa kwanza yuko hai na hajui. Shangazi alikubaliana naye. Mama aliwasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema mbio ni kesho saa sita mchana, na kwamba marehemu mwenyewe alimwagiza Festo aachwe amalize kwanza.

Baba mkubwa akauliza, "Alikuambia wewe, shemeji?"

"Aliniambia mimi."

Nilimtazama mama. Hakunitazama. Baba mkubwa alivua kofia, akaiweka gotini, akasema kama ni neno la marehemu yeye hana la kuongeza. Wakaelewana Festo asijue mpaka awe amemaliza.

Mimi nilielewa kila kitu, au nilidhani nimeelewa. Wakubwa nao wanaijua ile sheria. Wanaficha ili waamuzi wasijue kwamba baba ameondoka kabla Festo hajagusa. Nikaona mama ana akili kuliko wote, na nikaapa moyoni kwamba kwangu mimi siri haitatoka.

Kesho yake saa tatu asubuhi simu ya mama ililia. Nyumba ilikuwa imejaa, kina mama wa usharika wamekaa kwenye mikeka sebuleni wanaimba. Mama alitazama namba, akaona ni ile ya kiongozi wa msafara ambayo Festo huitumia, akainuka, akaingia chumbani, nami nikamfuata. Alibonyeza kupokea, akaweka sikioni, akafungua mdomo. Akanipa mimi simu, akakaa kitandani na kujiziba mdomo kwa mikono miwili.

"Shikamoo kaka," nilisema.

Aliitikia, akaniuliza mama yuko wapi, nikasema yuko nje. Akauliza hali ya baba.

"Amelala."

Akauliza polepole, "Anasemaje?"

Kazi yangu utoto wangu wote ilikuwa kufikisha neno la baba kwa Festo kama lilivyo. Neno nilikuwa nalo. Nilimtazama mama, macho yake yamejaa maji juu ya vidole vyake, nikasema, "Anasema uogelee."

"Haya," Festo alisema. "Haya, Upe. Nitaogelea." Simu ikakatika.

Mama alinishika mkono akaubusu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla. Kisha akaniambia niende kwa Mzee Abdalla na shangazi, nikatazame, nije nimwambie. Yeye hawezi kuacha mkeka.

Mzee Abdalla alikuwa na duka la redio na runinga hatua chache kutoka kwa shangazi. Wazee wake walitoka Pangani, na yeye alizaliwa hapohapo Mbeya. Alikuwa ameshakuja msibani asubuhi, akatoa rambirambi, akasema king'amuzi chake kina idhaa inayoonyesha mashindano yale. Tulipofika alirudishia mlango nusu, akazima runinga zote dukani isipokuwa moja, akatuletea viti. Alikaa kando yangu ili anitafsirie Kiingereza.

Niliwaona kabla hajanionyesha. Walikuwa mkondo wa nane, mwisho kabisa, wanne wembamba wenye nguo za kuogelea zilizofanana, na Festo ananyoosha mabega kama anavyofanya nyumbani. Hakuwa anatabasamu kama wenzake. Wa kwanza alianzia ndani ya maji, ameshika ukingo, akaenda chali, na tangu mwanzo aliachwa. Alipokaribia kurudi, wa mikondo mingine walikuwa wameshapokezana. Festo alipanda kwenye kijukwaa, akainama, akasubiri. Mwenzake akagusa. Festo akaondoka.

Kumwona kwenye kioo anavyokunja miguu, anafungua, anafunga, halafu anatulia maji yambebe, nilisahau tuko msibani. Shangazi naye alisahau. Alikuwa ameshika mkono wangu na kuusukuma mbele kila Festo alipotoa kichwa. Alimkamata mtu wa mkondo wa saba. Kwenye kugeuza akampita. Mzee Abdalla alisema kwa sauti ndogo kwamba mtangazaji amelitaja jina lake, anasema kijana huyu wa pili anaogelea vizuri mno. Festo alirudi, akanyoosha mikono yote miwili, akagusa ukuta, na mwenzake wa kipepeo alikuwa ameshapita juu ya kichwa chake. Waliendelea hivyo mpaka wa nne. Walimaliza wa sita kati ya nane. Kwetu sisi mle dukani ilikuwa kama wameshinda.

Shangazi alikuwa ameanza kujifuta machozi na kucheka kidogo wakati majina yalipopangwa kwenye kioo, na mbele ya jina la nchi yetu pakawa hapana muda, pana herufi tu. Mzee Abdalla aliinama mbele, akasikiliza. Akasema, "Wamefutwa." Akasikiliza tena. "Wanasema mmoja ameondoka kabla mwenzake hajagusa."

Nilisimama pale katikati ya runinga zilizozimwa nikasema, "Wamejua."

Shangazi akauliza wamejua nini. Nikasema wamejua baba ameondoka. Na kwamba si mimi niliyewaambia. Nililirudia hilo mara nyingi, si mimi, si mimi, mpaka Mzee Abdalla akaenda nyuma kuniletea maji, na shangazi akanibeba mgongoni, mtoto wa miaka minane mwenye miguu mirefu, mpaka nyumbani. Mama aliponiuliza, sikuweza kusema. Shangazi ndiye aliyemwambia Festo ameogelea vizuri, ila wamefutwa. Mama alitikisa kichwa mara moja, akarudi kwenye wimbo.

Tulimsafirisha baba kesho yake, Makambako mpaka Mafinga mpaka Igowole, tukamzika kwenye mvua nyembamba. Baba mkubwa ndiye aliyetangulia kutupia udongo. Festo alifika siku ya nne baada ya mazishi. Walikuwa wamempa habari rasmi baada ya mbio, lakini safari ya kurudi haikupatikana haraka. Alikwenda moja kwa moja kaburini na begi lake begani, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alimsalimia mama kwa heshima zote, akakaa kwenye kigoda miguuni pake, akauliza ni nani aliyeamua. Mama akamwambia ni baba yake mwenyewe. Festo alinigeukia mimi, akaniuliza kama ni kweli baba alisema aogelee. Nikaitikia kwa kichwa.

Akasema, "Basi sawa." Alilia hapo, kwa mara ya kwanza, kichwa chake kikiwa kwenye magoti ya mama, na mama akimpapasa mgongo huku ananitazama mimi.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba baba aliwaponza. Nilikuwa natimiza kumi na nne nilipopata ujasiri wa kumuuliza Festo kwa nini walifutwa, akanieleza bila uchungu kwamba ni yule mwenzake wa kipepeo, aliwahi kidogo tu, kama kupepesa jicho. Yule kijana alilia chumba cha kubadilishia nguo mpaka akatapika. Festo ndiye aliyekuwa anambembeleza. Nilicheka, nikatoka nje, nikakaa nyuma ya choo nikalia hadi nikachoka. Mzigo mmoja ulikuwa umeshuka, na mara tu uliposhuka nikauona ule mwingine uliokuwa chini yake. Kama waamuzi hawakuhusika, basi mama aliwaficha nini? Na neno la baba nililipeleka wapi?

Sikumwambia. Festo aliacha mashindano, akawa mwalimu wa kufundisha watoto kuogelea Dar es Salaam, akaoa, akapata watoto wake. Kila alipozungumza habari za baba alisema mzee alitaka amalize, na uso wake ulitulia. Ningemnyang'anyaje hilo?

Mama aliishi nami hapa Ipogolo mwaka wake wa mwisho. Alasiri moja, nimemaliza kumkanda miguu, alisema bila mimi kuuliza kwamba baba hakumwagiza lolote. Nikamwambia najua, mama. Akasema alijua kwamba najua. Nikamuuliza kwa nini. Alifikiri, kisha akasema, "Baba yako alikuwa ameshakwenda. Festo angerudi kukuta udongo. Nikawafikiria wale vijana watatu. Nilifikiria mama zao, nao wamekaa mahali wanasubiri kuwaona." Aliniomba nimwambie Festo yeye akishakufa, kwa sababu akiwa hai hataweza kumtazama.

Tulimzika mama Igowole mwaka jana. Siku watu walipotawanyika, mimi na Festo tulibaki uani tunatenganisha vyombo vya kuazima, masufuria ya huyu, mabeseni ya yule, ili virudishwe kwa wenyewe. Nikaona nikisubiri zaidi sitasema. Nilimwambia yote, uji, wodi, kikao, simu. Aliendelea kupanga sahani mpaka nilipofika kwenye simu, hapo akaacha.

"Nilijua amekufa," alisema.

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Nyimbo zilikuwa nyuma yako, Upe. Kina mama wanaimba saa tatu asubuhi siku ya kazi. Nilijua kabla hujasema amelala."

Hakuwaambia wenzake. Alikwenda nao bwawani, akavaa, akanyoosha mabega, akaogelea. Miaka yote hiyo alimwacha mama aamini kwamba alifanikiwa kumficha. Lakini kwamba baba alimwita, hilo hakulijua, na nililiona likimwingia. Aliniomba niseme tena jinsi baba alivyosema, kwa maneno yaleyale. Nikasema. Akaketi juu ya sufuria kubwa iliyopinduliwa, akatazama chini.

"Kosa ni langu," nilimwambia. "Nilikuwa na neno lake na sikukupa."

"Ulikuwa na miaka minane."

"Hata hivyo."

Jirani mmoja alikuja kuchukua beseni lake, akatupa pole tena, akaondoka.

"Ungeniambia siku ile," Festo alisema hatimaye, "nisingekuja. Ningeogelea vilevile. Walikuwa watatu wamesimama pale, na zimebaki saa tatu tu kabla ya mbio. Ningelisikia neno la baba na ningeogelea. Kwa hiyo hilo si lako. Ni langu."

Alisimama, akachukua rundo la sahani, akaniambia nishike upande wa pili wa sufuria. Tulizipeleka nyumba ya tatu, tukashukuru, tukarudi kuchukua nyingine. Sijui kama alisema kweli. Huenda angepanda ndege asubuhi ileile na kuwaacha wale watatu wamesimama. Huenda alisema vile ili mimi nipumzike, kama mama alivyosema lake na mimi langu. Sikumuuliza.